Mwanamke wa Kwenye Jalada

Probox ya kijivu ilikata kona bila kuonyesha taa, ikapanda ukingo wa barabara na kumkosa mchoma mahindi kwa upana wa kiganja.

Khalayi hakupunguza mwendo.

Aliilaza Yamaha yake mpaka goti likakaribia kugusa lami, akapenya kati ya lori la mchanga na basi, akatokea upande wa pili wa Jogoo Road huku honi zikimtukana nyuma.

"Kozi, hapa Kiota," sauti ikasema ndani ya helmeti yake. "Niambie."

"Namwona. Makadara. Anakimbilia upande wa korti."

"Mhalifu gani huyo anayejipeleka kortini mwenyewe?"

"Mwenye haraka, Madam."

Kozi ndilo jina alilopewa kazini, jina la ndege anayewinda bila kelele. Kiota alikuwa Teresiah, mkuu wake, mama wa makamo aliyeendesha kitengo kisichokuwa na kibao mlangoni. Waliofanya kazi humo walijua sharti moja: ukifaulu, hakuna atakayejua. Ukishindwa, kila mtu atajua.

Mbele, lori la mahabusu lilikuwa likirudi nyuma taratibu kuingia lango la mahakama. Barabara ikazibika. Probox ikapiga breki, matairi yakalia.

Khalayi alikwisharuka kutoka kwenye pikipiki. Aliuvuta mlango wa dereva, bastola ya Glock ikakaa chini ya mbavu za dereva.

"Zima gari. Mikono kwa usukani."

"Sista, haki ya Mungu, mimi ni wa kubeba mzigo tu!"

"Mzigo gani?"

"Sinema!"

Ilikuwa kweli. Nyuma ya gari mlijaa katoni, na ndani ya katoni masanduku madogo ya bati, kila moja ukubwa wa kitabu, yamepigwa rangi yakang'aa kama vito. *Hariri na Baruti*, maandishi ya dhahabu yalisema. Toleo la nyumbani. Juu ya jalada alisimama mwanamume mwenye suti nyeupe. Mbele yake, mwanamke mwenye koti la ngozi la kijani, miwani ya pikipiki imepandishwa juu ya nywele, kidevu kimeinuliwa.

Khalayi alimtazama mwanamke yule mpaka dereva akadhani amesahauliwa.

Koti lile lilikuwa lake. Alilichagua mwenyewe sokoni Gikomba, chini kabisa ya rundo, akabishania bei mpaka muuzaji akacheka. Kidevu kile pia kilikuwa chake.

Mwaka juzi yeye na Kim Irungu walikuwa jozi. Walijipenyeza katika genge la wauza pembe za faru kwenye mabohari ya Industrial Area, na mambo yalipoharibika Kim akala risasi ya bega. Akamwambia Khalayi akimbie, amwache. Khalayi akamtupa begani na kumjibu, "Mimi sikimbii. Mimi nawahi." Walitoka hai. Walikuwa wapenzi pia, jambo ambalo Kiota alijifanya halijui. Kisha Kim akaacha kazi. Alisema amechoka kuishi bila jina.

Jina akalipata. Aliichukua ile operesheni, akabadilisha pembe zikawa almasi, akaongeza suti, mvua na taa za rangi, akajipa nafasi ya shujaa. Nafasi ya mwanamke, pamoja na koti la Khalayi, akampa msichana wa Tassia aitwaye Shirleen Aoko. Nairobi nzima iliitazama. Kila kitu kilikuwemo katika sinema ile isipokuwa Khalayi.

Hakuwahi kuitazama. Lakini kila ukuta Eastlands ulikuwa na bango lake.

Alifungua sanduku la kwanza. Diski. La pili, diski. La tatu lilikuwa zito mkononi. Ndani yake, badala ya diski, mlilala kibamba cha kielektroniki kilichofungwa kwa sponji, nyaya zake nyembamba kama nywele.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Mzigo wa Shirleen. Yule wa sinema. Niliambiwa niseme hivyo."

Angeuliza swali moja zaidi. Nani alikwambia? Swali dogo tu, ambalo hata kurutu hulijua.

Hakuliuliza. Furaha ilikuwa imempanda kifuani, furaha chafu na tamu kama asali ya wizi. Shirleen. Kumbe Shirleen.

* * *

Kabla ya saa sita wahandisi wa Kiota walikwishakifumbua kibamba kile. Teresiah alipiga simu, na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Ni kipande cha mtambo wa kudanganya ndege. Unatoa mawimbi yanayomwambia rubani yuko juu kuliko alipo. Unafahamu nani wanatua leo alasiri?"

Khalayi alifahamu. Wapatanishi wa vita vya nchi jirani, pande zote mbili ndani ya ndege moja, wanakuja kutia sahihi. Kulikuwa na wafanyabiashara wa silaha, mbali sana na hapa, ambao amani ile ingewafungia duka.

Aliinua macho. Julai. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya jiji kama blanketi chafu. Rubani angeiona ardhi ikiwa imekwisha kumfikia. Na chini ya njia ya ndege, kabla ya uwanja, ni magorofa ya Embakasi, watu juu ya watu.

"Vipande vingine vilishaingia," Teresiah akasema. "Ndani ya sinema. Nani atafungua sanduku la sinema forodhani?"

"Ni Shirleen, Madam. Dereva amemtaja. Yuko Dandora sasa hivi, wanazindua diski."

Teresiah akashusha sauti.

"Khalayi." Teresiah hakuwahi kulitumia jina hilo kwenye laini. "Nakuuliza kama mkubwa wako, na kama mama pia. Hii ni kazi ama ni wivu?"

"Ni kazi, Madam."

"Haya. Mimi nitaendelea kumhoji dereva. Usizime redio."

* * *

Uwanja wa Dandora ulikuwa umefurika. Spika zilitikisa mabati ya vibanda, vijana walikuwa wamepanda kuta. Jukwaani alisimama Nzivo, msambazaji wa diski hizo, mtu mnene mcheshi mwenye mkufu wa dhahabu na vibanda vya video kutoka Kayole hadi huku.

"Wanasema diski imekufa!" akapaza sauti. "Kila mtu ati anatazama kwa simu! Sasa niambieni, hii sanduku inakula bando?"

"Haikuli!"

"Simu ikiibiwa, sinema imeenda! Hii mwizi ataichukua ya nini, na yeye ako nayo kwake?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha Kim akapanda.

Suti nyeupe. Bega la kushoto limeshuka kidogo, pale risasi ilipopita. Khalayi, aliyejichanganya na umati ndani ya kofia ya besiboli na koti jepesi jeusi, aliliona bega lile. Yeye ndiye aliyelifunga kwa kitambaa cha kichwa chake. Sasa wasichana wa Dandora walilipigia mayowe.

Halafu Shirleen.

Alitembea hadi mbele ya jukwaa, kijani kikimetameta, akainua kidevu. Umati ukanyamaza kumngoja.

"Mimi sikimbii," Shirleen akasema kwenye maikrofoni.

"MIMI NAWAHI!" uwanja mzima ukamjibu.

Khalayi aliuma mdomo mpaka akaonja chumvi. Maneno yale aliyasema mara moja tu maishani, sikioni mwa mtu mmoja aliyekuwa akivuja damu. Leo hata mwuza karanga aliyajua.

Jukwaani, Shirleen akaushika mkono wa Kim. Kim akambusu shavuni. Simu elfu moja zikainuka.

Wivu ni kama moshi wa jaa la Dandora. Hauuoni ukiingia, unakuta tu macho yanachuruzika. Khalayi alimtazama Shirleen, na Shirleen tu. Kwa ncha ya jicho alimwona Nzivo akitazama saa, akiteremka nyuma ya jukwaa, akiingia ndani ya Prado nyeusi na kuondoka kabla sherehe yake mwenyewe haijafika nusu. Alimwona, akampuuza.

Shirleen alipoteleza kando na kuingia kwenye Vitz nyeupe, Khalayi alikuwa amekwisha kuwasha Yamaha.

* * *

Gorofa ya sita, Tassia. Nguo zilining'inia kila baraza, na kutoka mlango wa jirani ilinukia omena. Shirleen alitia ufunguo, akasukuma mlango, na kabla hajageuka alikuwa amebanwa ukutani, pingu zikilia mikononi mwake.

"Ukipiga kelele utajuta," Khalayi akasema. Alimkalisha kitini.

Redio ikakwaruza sikioni. "Kozi, hapa Kiota. Dereva amefunguka. Nisikilize vizuri, aliyempa mzigo ni..."

Khalayi akaizima.

Alitaka dakika chache tu. Alitaka chumba kile kiwe na watu wawili, basi. Alivuta pumzi, akafungua mdomo kuuliza kuhusu vibamba, kuhusu mtambo, kuhusu ndege.

"Ulianza lini na Kim?"

Shirleen aliyekuwa akitetemeka akaacha kutetemeka. Alimtazama. Alimkagua kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kidevu, kama fundi anayekagua kazi ya mwalimu wake.

"Wewe ndiye yeye," akasema polepole.

"Nimekuuliza swali."

"Wewe ndiye yeye! Mungu wangu. Nilidhani alikutunga." Shirleen akacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa maji. "Unajua nimefanya kazi gani mwaka mzima? Kila siku natembea, Kim anasema, sivyo. Naruka, anasema, sivyo. Nasema ile *mimi nawahi*, mara arobaini, mpaka sauti inakauka, ananiambia, sivyo, Shirleen, yeye hakusema hivyo. Yeye! Siku zote ni yeye. Hana hata jina."

"Alikubusu mbele ya watu."

"Ni kwa sababu ya kamera! Kamera zikizimwa hata simu yangu hashiki." Akafuta shavu begani. "Mimi nampenda, dada. Sikufichi. Na wewe unakuja kunifunga pingu ati unanionea wivu? Mimi nimekuonea wewe wivu tangu siku ya kwanza, na sikuwa nakujua."

Khalayi akashusha bastola. Alikuwa amemfuata adui kutoka Dandora. Aliyekuwa kitini ni msichana mwenye soksi zisizolingana, anayelia kwa sababu hakupendwa.

Akiwa na aibu iliyomchoma masikio, aliwasha redio.

"...Kozi! Kozi! Uko wapi wewe?" Hakuwahi kumsikia Teresiah akipiga kelele. "Ni Nzivo! Nzivo ndiye aliyempa dereva mzigo, jina la msichana ni pazia tu! Na ndege iko mbele ya ratiba, imeanza kushuka. Wahandisi wanapata mawimbi kutoka Tassia. Kikosi kimekwama Outering, lori limeanguka."

"Niko Tassia, Madam."

"Basi ni wewe peke yako. Na mnara hauwezi kumwonya rubani, wamemzibia redio pia."

Khalayi akafungua pingu. "Shirleen. Nzivo ana nini hapa Tassia?"

"Nzivo?" Msichana akasugua vifundo vya mikono. "Amekodi paa la jengo lile la pili. Kwa jina langu, alisema ni nafuu kwa mwenyeji. Tunapiga picha za nyongeza za diski, vile tulitengeneza sinema. Kuna fundi mzungu pale na mitambo kibao. Nilidhani ni mapambo tu."

"Kuna walinzi?"

"Mmoja, kwenye geti ya ngazi. Hafungulii mtu. Isipokuwa mimi."

Wakatazamana.

Shirleen alikuwa wa kwanza kuelewa. Akavua lile koti la kijani, akamtupia.

* * *

Lilimkaa sawasawa. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Alipanda ngazi za jengo la pili mbili mbili, miwani ya Shirleen usoni, kidevu juu. Kwenye geti la chuma mlinzi kijana akachanua meno.

"Niaje, superstar! Si bosi alisema shooting ni kesho?"

"Alisema. Mimi nimeamua ni leo."

Geti likafunguka. Khalayi akampita, akageuka, akampiga kwa kiganja nyuma ya sikio. Kijana akaketi chini taratibu kama aliyekumbuka usingizi.

Paani kulikuwa na upepo. Mashuka yalipigapiga kwenye kamba, na matangi meusi ya maji yalipangwa juu ya fremu za chuma. Katikati yake, chini ya turubai, ulisimama mtambo: sahani tatu za mawimbi, nyaya, taa za kijani zikikonyeza. Mzungu mwenye ndevu nyekundu alipiga magoti mbele ya laptopu. Nzivo alikuwa nyuma yake, mkufu ukimeta.

"Shirleen mpenzi," Nzivo akasema bila kugeuka vizuri, "si nilikwambia kesho..."

Akageuka.

Nzivo alimjua Shirleen vizuri. Tabasamu likamtoka usoni, Beretta ikamtoka kiunoni.

Risasi ya kwanza ilipasua shuka. Khalayi alikuwa ameshajitupa nyuma ya tangi.

"Kozi," Kiota akasema sikioni, sauti imerudi kuwa ya barafu. "Ndege imeshapita mawingu ya juu. Rubani anadhani ana nafasi tele."

"Naisikia, Madam."

Aliisikia kweli. Ngurumo, mahali fulani ndani ya lile blanketi la kijivu, ikikua. Akachungulia na kupiga sahani ya kwanza. Ikapinda, lakini taa hazikuzimika. Nzivo akamjibu kwa risasi tatu. Fundi alikuwa ameukumbatia mtambo kama mama anayemkinga mwanawe.

Ngurumo ikageuka kishindo. Madirisha ya Tassia yakaanza kutetemeka.

Khalayi akaacha kuutazama mtambo. Akatazama juu yake. Turubai. Juu ya turubai, kwenye fremu ya chuma, tangi la lita elfu tano, limejaa pomoni kwa sababu leo ndiyo siku ya mgao wa maji.

Akalipiga chini kabisa. Akapiga tena, kando ya pale pale. Akapiga mara ya tatu.

Plastiki ikapasuka kwa sauti ya gunia linalochanwa. Maji yakashuka yote kwa pamoja, yakaangusha turubai, yakamsomba fundi na laptopu yake, yakaingia ndani ya mtambo. Cheche za buluu. Moshi. Taa za kijani zikakonyeza mara ya mwisho.

Mtambo ukazimika.

Hapo hapo ndege ikatoboa mawingu.

Ilikuwa chini mno, tumbo jeupe kubwa kama jengo, magurudumu nje. Watoto barazani wakapiga yowe. Kisha injini zikanguruma kwa ukali, pua ikainuka, na mnyama yule akapanda, polepole, akiburura upepo uliong'oa kamba zote za nguo, mpaka mawingu yakammeza tena.

"Amesoma kimo chake," Teresiah akasema. Alikuwa akipumua kwa nguvu. "Anapanda. Atazunguka atue upya. Kozi? Kozi, uko nami?"

Nzivo alikuwa akikimbia.

Kwa mtu mnene alikimbia vizuri. Akafika ukingoni, akaruka pengo, akaangukia paa la jengo la Shirleen, akabingirika. Chini, mtaa mzima ulikuwa umejaa watu waliotoka kuitazama ndege, simu zote zimeelekezwa juu.

Wakamwona mwanamke wa koti la kijani akija mbio.

Aliruka. Kwa muda wa pumzi moja alining'inia juu ya Tassia, juu ya vibanda vya nyanya na pikipiki na vinywa vilivyoachama. Kisha miguu ikagusa saruji, goti likamwingia Nzivo mgongoni, wote wawili wakazama ndani ya mashuka ya mtu. Beretta ikatelezea kwenye mfereji wa maji. Pingu zikafunga.

"Wewe si Shirleen," Nzivo akahema, uso ndani ya shuka.

"Hapana."

Chini, makelele yakapanda kama moto wa nyasi.

"Shirleen! Shi-rleen! Shi-rleen!"

Khalayi alisimama juu ya mtu wake, akasikiliza. Kiganja chake kilikuwa kikivuja damu, na jina walilolipigia kelele lilikuwa la mwingine. Ule wivu ukamuuma tena, pale pale. Angeweza kuvua miwani. Angeweza kusogea ukingoni, ainue uso, wamwone. Sekunde moja tu.

Akarudi nyuma, mbali na ukingo.

"Kiota, hapa Kozi," akasema. "Nzivo kwenye paa hili. Fundi kwenye paa la pili, amelowa. Leteni taulo."

"Kazi nzuri." Kisha akaongeza, "Ulizima redio."

"Nilizima, Madam. Ulikuwa wivu."

"Tutaongea Jumatatu. Sasa ondoka hapo kabla hujawa maarufu."

* * *

Kikosi kilipofika na kumchukua Nzivo, video ilikuwa imekwishazunguka Nairobi. Shirleen aliteremka ngazi peke yake. Mikrofoni zilimngoja nje ya mlango. Alipokea lile koti kutoka mkononi mwa Khalayi kwenye giza la ngazi, akamrudishia lake jeusi, na hakulivaa lile la kijani mara moja.

"Nitawaambia ukweli," akanong'ona. "Si haki."

"Ukiwaambia, mimi nimekwisha kazi. Vaa."

"Nitasema nini?"

"Chochote. Watakuamini."

Shirleen akavaa. Akatoka kwenye mwanga, na mtaa ukalipuka.

Kim alimkuta Khalayi hapo hapo kwenye ngazi. Suti nyeupe ilikuwa na matope mpaka magotini. Alikuwa ameacha gari kwenye foleni na kuja mbio.

"Niliona kwenye simu," akasema. "Nilijua ni wewe kabla video haijaisha."

"Ulijuaje?"

"Shirleen angetazama kamera."

Khalayi alitaka kucheka. Alimtazama bega, akamtazama uso, ule uso ambao sasa ulikuwa wa kila mtu. Kwa mwaka mzima alikuwa ametunga maneno ya kumwambia. Yote yalikuwa makali, na sasa hakulihitaji hata moja.

"Niliitengeneza ili uione," Kim akasema. "Sinema yote. Hukunipigia hata simu."

"Sikuitazama."

"Itazame. Halafu uniambie nirudi, ama uniambie nisirudi."

Nje, sauti ya Shirleen ilisikika, nyembamba, ikiwaambia waandishi kwamba hata yeye hajui alirukaje. Watu wakacheka kwa mapenzi.

"Yule msichana anajua kazi yake," Khalayi akasema. "Acha kumwambia sivyo."

Akampita. Bega lake likagusa bega lile bovu, kidogo tu, na hakugeuka nyuma.

Barabarani umati ulikuwa umebanana kiasi kwamba ilimbidi asimame. Mbele yake kamera, nyuma yake mama mmoja mwuza nyanya, amepanda juu ya kreti, simu imeinuliwa.

"Wee dada, sogea kidogo," mama akamwambia. "Unatuziba, hatumwoni Shirleen."

"Pole, mama," Khalayi akasema.

Akasogea, akafunga zipu ya koti lake jeusi, akaenda kutafuta pikipiki yake.